Tangazo la Tatu

Kanisa zima lilijua kinachofuata, hata watoto. Jumapili mbili mfululizo Mchungaji alikuwa amesoma tangazo la ndoa yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, sauti ikimtetemeka kama ya kijana aliyekwenda kuposa bila mshenga, na mara zote mbili waumini walipiga makofi mpaka mzee wa kanisa akanyoosha mkono kuwatuliza. Leo lilikuwa la tatu na la mwisho. Akina mama wa kwaya walikuwa wameshalainisha koo kwa ajili ya vigelegele. Mama yake Fundi, mama wa bibi harusi mwenyewe, ambaye siku zote hukaa karibu na mlango kwa sababu ya magoti, leo alikuwa safu ya pili, kilemba kipya kichwani, akijifanya hamwoni mtu.

Fundi mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, kwenye meza yake ya mitambo, hedifoni masikioni, kidole kwenye kitufe cha sauti. Watu walimwita Fundi Spika kwa sababu vyombo vyote vya sauti pale kanisani, na kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima, vilikuwa vyake. Alirithi vichache kwa baba yake na vingine akaviongeza kimoja kimoja kwa jasho lake. Tangu Mchungaji atangaze kugombea ubunge, watani walipata la kusema: huyu mwanamke amekuwa Spika kabla bwana wake hajaingia bungeni. Fundi alicheka nao. Siku hizo alikuwa anacheka na kila mtu.

Hakuna aliyemsikia Mchungaji kama yeye. Wengine walisikia mahubiri; yeye, kupitia zile hedifoni, alisikia pumzi. Alijua anavyovuta hewa akiwa amechoka, alijua anavyoicheka habari kimoyomoyo kabla hajaisema, na alijua kwamba akitaka kutamka jambo ambalo moyo wake haulitaki, humeza mate kwanza. Hilo la mwisho hakuwahi kumwambia. Mwanamke mwenye akili haweki akiba yake yote mezani.

Mchungaji alisimama na karatasi ya matangazo. Akasoma la mwalimu wa chekechea na dereva wa lori, watu wakapiga makofi. Akasoma la seremala na mchumba wake, wakapiga makofi tena. Kisha akanyamaza, na katika ule ukimya Fundi akasikia mate yanamezwa.

"Kwaya ya vijana," alisema Mchungaji, "mnaombwa mbaki kidogo baada ya ibada."

Akaikunja karatasi.

Akina mama wa kwaya walitazamana, vigelegele vimewakwama. Vichwa vikaanza kugeuka nyuma, safu baada ya safu, na Fundi akazitazama taa ndogo za mtambo wake zikipanda na kushuka kana kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kuliko zile taa. Hakuuondoa mkono kwenye kitufe. Alimfuata Mchungaji katika sala, akampunguza alipokohoa, akaipandisha kwaya, akaishusha, mpaka baraka ya mwisho. Hakuna atakayesema kwamba sauti ilikatika siku ile.

Na asije mtu akadhani Mchungaji alipitiwa. Kanuni ya kanisa lile ni kwamba tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu zinazofuatana, na ikirukwa hata moja, wachumba wanaanza upya kama watu wasiowahi kutangazwa. Aliyeikazia kanuni hiyo ni yeye mwenyewe. Yule seremala alikuwa anaanza kwa mara ya pili, maskini, kwa sababu mara ya kwanza alisafiri kwenda kumzika mjomba wake na Jumapili moja ikapita. Alilia, akaleta wazee, Mchungaji akatabasamu na kumwambia ndoa haina njia ya mkato. Mtu anayejua kanuni kiasi hicho hairuki bahati mbaya.

*

Nyumbani Fundi hakuweza kukaa. Alifungua dirisha, akalifunga. Alikunja waya uliokuwa umeshakunjwa. Alichukua kikombe cha chai, akakiacha juu ya friji, akaanza kukitafuta.

"Kiko hapo juu," alisema mama yake. Alikuwa amekaa kitandani na kilemba chake bado kichwani, maana kukivua kungekuwa kukubali yaliyotokea. "Nilikaa safu ya pili, mwanangu. Unajua nyuma ya safu ya pili kuna macho mangapi?"

"Mama."

"Mimi nilikwambia zamani, mke wa mchungaji ni mali ya umma, kila mtu ana neno naye. Ukasema huyu ni tofauti. Haya, nikanyamaza, nikanunua kilemba. Sasa niambie, leo mchana unakwenda kumfungia spika azungumze na watu wake?"

"Nimeshapokea kazi."

"Wapo mafundi wengine."

"Kazi niliyoipokea naimaliza. Baba hakunifundisha hivyo?"

Mama alinyamaza, kwa sababu kumtaja marehemu katika nyumba ile kulimaliza ubishi wowote. Lakini macho yake yalisema yote, na Fundi aliyajua bila kuambiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Fundi alikuwa ameshaumwa. Mume wake wa kwanza alimwoa ofisini kwa msajili, mbele ya mashahidi waliookotwa koridoni, kisha akamwomba asiseme kwanza. Subiri baba yangu alainike. Subiri nipate kazi ya maana. Subiri dada yangu aolewe, si vizuri nimtangulie. Alisubiri akiwa amefichwa katika chumba cha kupanga, akiitwa binamu kila mgeni akija. Siku moja mume akamletea karatasi za talaka, na muda si mrefu akaoa kwingine, hadharani, kwa tarumbeta na msafara wa magari. Ndoa ya Fundi ilijulikana siku ilipovunjika. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa kuihuzunikia.

Ndiyo maana lile tangazo la kwanza, Jumapili ile, lilimtoa machozi mbele ya mitambo yake. Ndiyo maana pia sasa hakuweza kukaa. Akabeba nyaya, akatoka.

*

Mkutano wa kampeni ulikuwa kwenye uwanja wa kituo cha mafunzo cha mtaa. Kituo hicho ndicho kilichompa Mchungaji jina kabla ya siasa. Alikianza na wanawake wachache kwenye banda la mabati, na sasa kilikuwa na karakana ya useremala, chumba cha cherehani, chumba cha kupimia watoto wachanga uzito na bomba la maji ambalo mtaa mzima ulipanga foleni kwake. Fundi alifundisha hapo kila Jumatano, kutengeneza redio na simu. Na hapo ndipo Mchungaji alipomletea redio iliyokufa. Fundi akaifungua, akakuta betri zimewekwa kichwa chini. Akamrudishia. Jumatano iliyofuata Mchungaji akaja na redio ileile na ugonjwa uleule. Mpaka leo anakana kwamba alifanya makusudi, na hakuna mwanafunzi wa darasa lile anayemwamini.

Alikuwa mjane, hana mtoto, mke wake alifariki miaka mingi iliyopita. Alipomwambia Fundi neno lake, alimwambia akiwa ameshika bisibisi vibaya, mikono ikitoka jasho, na Fundi alimpenda kwa ajili ya ile mikono.

Leo alifunga spika zake kwenye nguzo, akajaribu sauti, akahesabu moja mbili moja mbili mbele ya uwanja uliokuwa unajaa. Bango kubwa la uso wa Mchungaji lilipepea nyuma ya jukwaa, na kila upepo ulipolishika ilikuwa kama anatikisa kichwa kukataa. Hapo ndipo alipofikiwa na Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa kaka mkubwa wa Mchungaji na msimamizi wa kampeni yake. Ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na Mchungaji humwitikia mpaka leo kwa kusimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka ya mambo ya ndugu yake kuliko ndugu mwenyewe.

"Shemeji," alisema kwa upole, "najua una kinyongo."

"Sina kinyongo. Nina swali. Ulimwambia wewe?"

"Tulishauriana asubuhi." Akaegemea meza. Kisha akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. Watu wana midomo. Watasema Mchungaji kachukua mke wa mtu. Wazee wa kanisa walishaikubali hiyo talaka, sawa, lakini mpiga kura si mzee wa kanisa. Kura zikishapigwa, hata kesho yake, mambo yataanza upya, tangazo la kwanza, na harusi itakuwa ya mahema mpaka barabarani. Tena Jumapili tatu zijazo Mchungaji amealikwa kwenye makanisa mengine makubwa, kwa hiyo hata angetaka asingekuwepo. "Subira huvuta heri, shemeji."

"Hilo nimeshaambiwa," alisema Fundi. "Aliyeniambia aliivuta heri akaenda nayo."

Mwenyekiti akacheka kidogo, maana hakujua afanye nini kingine, akaenda kupanga viti vya wageni.

*

Kumvisha Mchungaji maiki ilikuwa kazi ya Fundi, na haikuwezekana kuifanya kwa mbali. Ilikuwa maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi, na waya wake hupita chini ya koti mpaka kwenye kiboksi cha mkandani. Alimkuta karakanani, amesimama katikati ya viti visivyopakwa rangi, vumbi la mbao limemganda viatuni. Nje watu walikuwa wanaimba. Fundi akafunga mlango kwa kisigino.

Alimsogelea bila salamu, akamfungua kifungo cha koti. Mchungaji alitazama ukutani. Kisha hakuweza tena, akamtazama yeye. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala, na Fundi akajichukia kwa jinsi alivyotamani kuyafumba kwa kiganja chake.

"Hukusahau," alisema Fundi.

"Sikusahau."

"Ungesema umesahau ningekusamehe. Ningekuona mjinga, lakini ningekusamehe."

"Kaka alikuja alfajiri. Nilifikiri, ni wiki chache tu. Kura zikipita naanza upya, kwa kanuni, kama watu wote."

"Na ukishindwa?"

"Hata nikishindwa. Nitakuoa, nishinde nisishinde."

"Kumbe." Alipitisha waya chini ya koti, mkono wake ukagusa mbavu za Mchungaji, ukapita. "Kumbe kura haibadilishi kitu. Sasa iliingiaje kanisani?"

Nje mtu alikuwa anaongoza wimbo kwa sauti ya kupasuka, na umati unamwitikia.

"Nikwambie kitu," alisema Fundi, chini chini, kidole kikitafuta pa kubana ile maiki. "Jumapili ile ya kwanza nilivua hedifoni. Tangu niwe fundi sijawahi kuzivua katikati ya ibada. Nilitaka nikusikie kwa masikio yangu, kama watu wengine walivyokuwa wanakusikia. Maana sikuwa nimewahi kusikia jina langu na la mwanamume yakisomwa pamoja mbele za watu. Niliolewa miaka minne na sikuwahi kulisikia. Nikasema moyoni, basi, nimetoka mafichoni. Leo umenirudisha kwa mkono wako."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe. Wewe ndiye unayejua kusema."

Mchungaji aliushika ule mkono uliokuwa ukosini. Alikuwa na kiganja kikavu, kigumu, kiganja cha mtu anayebeba mbao pamoja na wanafunzi wake, na Fundi alikijua kila mstari. Angeweza kukaa pale mpaka giza. Ndani yake kulikuwa na watu wawili wanagombana, mmoja anataka kuegemea lile koti, mwingine anataka kulikung'uta vumbi na kuondoka, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

"Nakupenda," alisema Mchungaji.

"Najua. Kila mtu anajua, mpaka kaka yako. Shida haiko hapo."

"Iko wapi?"

"Iko kwamba unanipenda kama mtu aliyeazima kitu. Akija mwenye kitu unakificha."

Hilo lilimwingia. Fundi aliona lilivyoingia, na hakulifurahia kama alivyodhani. Mlango ukagongwa, Mwenyekiti aliita kwamba wageni wameketi. Mchungaji aliuachia mkono, akavuta pumzi, na hakumeza mate.

"Nitalitengeneza," alisema. "Leo hiihii."

Akatoka. Fundi alibaki na vile viti, hajui kama afurahi au aogope. Mshika mbili moja humponyoka, na yule mwanamume alikuwa anatoka pale na mikono yote miwili imejaa.

*

Mchungaji alizungumza vizuri. Tuyaache aliyoyasema ya barabara na zahanati, wenye mambo yao wanayajua. Itoshe kusema umati ulimpenda, na Fundi nyuma ya meza yake, miguu haitulii, mara anaegemea hapa mara pale, aliifuata ile sauti kwa vidole kama alivyoifuata miaka yote. Aliisikia inashuka. Akajua kuna jambo linakuja.

"Ndugu zangu," alisema Mchungaji, "kabla sijashuka nina neno la moyoni. Waliokuwa kanisani leo waliona nimeruka tangazo. Nilifanya kosa, na nataka kulisahihisha hapa, mbele yenu nyote. Kuna mwanamke yuko pale nyuma. Wengi mnamfahamu."

Umati ukageuka. Mtu akapiga mluzi. Kwa dakika moja Fundi, niseme ukweli wake, alifurahi. Alifurahi kama msichana. Watu wote wale, na yeye katikati yao, ametajwa.

Kisha akamwona Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa ameshtuka mwanzoni, mdomo wazi, ameinuka nusu kitini. Lakini alipoona nyuso za watu, akina mama wanacheka na kusukumana, wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, akaketi taratibu. Akaanza kutabasamu. Akamgusa mpiga picha begani na kumwonyesha Fundi kwa kidole, amchukue vizuri, amchukue pamoja na bango. Mpiga picha akageuza kamera.

"Mwanamke huyu," aliendelea Mchungaji, "ndiye niliye—"

Fundi akashusha kitufe.

Ukimya uliuangukia uwanja. Mchungaji aliendelea kusema maneno mawili matatu yasiyofika hata ngazi za jukwaa, kisha naye akagundua. Akaigonga maiki kwa kidole. Hakuna. Watu wakaanza kucheka. "Fundi, mtambo umekufa," mmoja aliita, na mwingine akasema ni Fundi aliyekufa, kwa mapenzi. Mchungaji hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi kutoka kule juu, juu ya vichwa vyote vile, na Fundi alimtazama yeye, mkono ukiwa bado juu ya kitufe, wala hakuuficha.

Akashuka. Watu walimpisha njia wakidhani anakwenda kusaidia mitambo. Mwenyekiti alimfuata nyuma kwa haraka, akitabasamu kulia na kushoto.

"Umenizima," alisema Mchungaji alipofika mezani.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakutangaza. Si ndicho ulichotaka?"

"Asubuhi nilikuwa mzigo," alisema Fundi, "mchana nimekuwa bango. Yote hayo kwa siku moja, na mimi sijabadilika hata kidogo." "Watu hawa umewaita uwaombe kitu. Usinitie katika maombi hayo. Uliniruka kanisani. Hapa uwanjani hukuniruka, kwa hiyo hapa huna deni la kunilipa."

"Shemeji, watu wanatazama," alisema Mwenyekiti.

"Wametazama tangu asubuhi."

Mchungaji aliweka viganja viwili juu ya meza, kati ya nyaya. Alikuwa anahema. "Niambie unachotaka. Nimechoka kubahatisha."

"Anza upya. La kwanza, la pili, la tatu, kama seremala. Jumapili ijayo."

"Jumapili ijayo ana mwaliko," alisema Mwenyekiti kabla ndugu yake hajafungua mdomo, na safari hii upole ulikuwa umemwisha. "Na inayofuata, na ile nyingine. Makanisa matatu makubwa. Hizo ndizo Jumapili zenyewe. Bila hizo tusidanganyane, hatuna kitu."

Fundi hakumtazama Mwenyekiti. Alimtazama mwanamume wake. Umati ulianza kuimba wenyewe kuziba ukimya, na wimbo ule ulikuwa na jina la Mchungaji ndani yake, likirudiwa rudiwa. Aliona linavyomgusa. Aliona anavyoyatazama yale majengo ya kituo, aliyoyapanga tofali kwa tofali, na jinsi alivyoamini kwa dhati kwamba akipata kile kiti atajenga mengine kumi. Alimpenda sana wakati ule. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake: nenda, nitakusubiri. Lilikuwa neno jepesi, alilijua, lilishazoea kinywa chake. Akaliuma.

"Kaka," alisema Mchungaji bila kugeuka, "wapigie simu. Waambie sitakuja."

"Wote?"

"Wote. Jumapili hizo nipo kanisani kwangu."

"Utashindwa. Utashindwa kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya macho yangu, baada ya yote."

"Inawezekana." Hapo akageuka, akamtazama kaka yake usoni, na Fundi akatambua kwamba hajawahi kumwona akifanya hivyo. "Inawezekana kabisa, Kaka. Lakini asubuhi ulinielekeza nami nikatii, kisha nikapanda mimbarini nikawafundisha watu uaminifu. Siwezi tena. Nikienda kwenye hayo makanisa matatu nitafundisha nini?"

Mwenyekiti akatoa simu mfukoni, akaitazama kama anayetazama kitu kilichovunjika, akaondoka nayo kuelekea geti, akipita katikati ya watu waliokuwa bado wanaimba jina la ndugu yake.

Wakabaki wawili, na meza kati yao. Mchungaji alijaribu kutabasamu, tabasamu likatoka nusu.

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Nimefanya ulichotaka."

"Umeahidi nilichotaka. Kufanya ni Jumapili." Alitaka sana kumshika uso. Akachukua waya, akaanza kuukunja, akaufungua tena kwa sababu mkutano haujaisha. "Nenda jukwaani uwaage watu. Usinitaje."

"Na baada ya hizo Jumapili tatu? Utakuwa umenisamehe?"

"Sijui." Lilikuwa jibu la kweli, na lilimtisha yeye mwenyewe. "Utasoma jina langu, kisha utauliza, kama unavyowauliza wengine wote, kama kuna mwenye pingamizi. Utauliza mara tatu. Na mimi nitakuwepo palepale, nakusikiliza."

Mchungaji alimtazama, taratibu akaanza kuelewa.

"Unaweza kuwa na pingamizi," alisema hatimaye. "Wewe mwenyewe."

"Ninaweza."

"Nitajuaje?"

Fundi akapandisha kitufe, spika zikaguna, uwanja mzima ukanyamaza kungoja.

"Utasubiri," alisema. "Si ndivyo tunavyofanya?"